Pingili

Swansea, Jumanne, mvua ile ile ya jana.
Miaka tisa nawainua wazee wa watu vitandani;
leo nimelazwa mimi, kifudifudi,
uso ndani ya tundu la kitanda.
Naona viatu vya Gwenllian tu:
kamba moja imelegea.

Anahesabu pingili zangu kama za muwa,
ila hana kisu.
Nilitarajia mlio wa kuni kavu.
Kidole gumba tu, kikabisha hodi nyongani,
kikangoja kukaribishwa.

"Pumua."
Kumbe nilikuwa nimebana pumzi,
sijui tangu lini.

Kitu kikarudi mahali pake, kimya,
kama mtoto wa meza aliyekwama miezi.

Nikashuka kitandani.
Ile kamba ya kiatu,
nikainama, nikamfungia.