Gari Linalopiga Magoti

Lilikuja Bombo juu ya trela, kupitia Malaba,
limefunikwa turubai kama mgonjwa asiyetaka kuonekana.
Siku nne za matope.
Huko lilikoundwa walilipimia anga:
liwe jepesi, alumini badala ya chuma,
na mgongoni kulabu kumi na mbili za kufungia miavuli,
lisukumwe kutoka tumboni mwa ndege,
litue, litikisike,
lianze kupiga kabla vumbi halijalala.

Ndege ya tumbo hilo hatuna.

Sajini Fadimulla, fundi wa karakana, alilizunguka mara tatu,
akaligonga ubavuni kwa pete yake.
“Sufuria,” akasema. “Sufuria yenye mzinga.”
Tukacheka, kwa kuwa mzinga ni nyumba ya nyuki pia,
na hakuna aliyetaka kuuliza
asali ya huu huliwa na nani.

Lina tabia moja. Ukivuta mkono wa kushoto
miguu yake inapumua, fyuuu,
na tani nane zinashuka polepole hadi tumbo liguse nyasi,
kama bi harusi wa Kiganda mbele ya wakwe.
Ndivyo lilivyopaswa kusafiri huko juu:
limepiga magoti, limekazwa mikanda,
linasubiri mlango ufunguke.
Siku hizi mipira imechoka. Linapiga magoti lenyewe, usiku,
bila amri. Asubuhi Koplo Drajiga, dereva,
analikuta kifudifudi, analitukana kwa Kilugbara,
kisha analiinua
kwa upole ambao kuruta yeyote hajauonja.

Kulabu hazijawahi kushika kitu.
Kila Ijumaa nazipaka grisi.
Niliuliza mara moja kwa nini.
“Paka,” akasema Fadimulla.

Mimi ni mpakiaji. Tumo wanne humo ndani,
goti langu kwenye mbavu za mpigaji,
harufu ya dizeli na ya soksi za Luteni.
Mota nyingine hulishwa mdomoni. Hii hula kwa nyuma,
na mkono unaoilisha ni wangu.

Mwezi wa saba tulikwenda Singo kulenga shabaha:
matairi matatu yaliyopakwa chokaa, ng'ambo ya kilima.
Drajiga akaliinamisha. Luteni akasema, piga.
Nikasukuma, nikafunga, nikaziba sikio kwa bega.
Kishindo.
Halafu ule ukimya mrefu, kombora likiwa bado huko juu
na mtu fulani akisema, acel. Aryo. Adek.
Kilikuwa kinywa changu.

Mama yangu, Lamunu, alinifundisha kuhesabu kabla ya shule,
Pader, chini ya kitanda, kiganja chake utosini pangu.
Ukisikia kwa mbali kama mlango umebamizwa, anza.
Ukifika thelathini na bado unahesabu,
hilo halikuwa lako.
Mpaka leo mtu akibamiza mlango wa choo
midomo yake inasogea.

“Unasema nini, mpakiaji?”
“Nahesabu makombora, afande.”
“Limekwenda moja tu.”
“Ndiyo, afande. Moja.”

Lilitua kwenye ishirini na nane.
Matairi yalibaki yamekaa, meupe, kama wageni.
Lilichopata ni kichuguu, mita arobaini upande wa kulia,
na tulipofika mchwa walikuwa wameshaanza
kubeba udongo, punje kwa punje, kurudi ndani.
Drajiga alichuchumaa akawatazama kwa muda.
Luteni akaandika: karibu.

Usiku ule mama alipiga simu.
Mvua imegoma, mbuzi mmoja kazaa pacha,
na wewe, Okwera, siku hizi wamekupa kazi gani?
“Magari, mama.”
“Magari gani?”
Nilikuwa nimeegemea ubavu wake, bado una joto la jua.
“Mepesi,” nikasema.
Akanyamaza. Nilimsikia akivuta kigoda.
“Basi yaendeshe taratibu.”

Nyuma yangu, gizani: fyuuu.