Aina ya Ngozi

Simu hainitambui.
Naweka kidole gumba, inatikisika, inakataa.
Naweka cha shahada, inakataa.
Misimu kumi na mmoja ya kubangua korosho
imekula mistari yote niliyozaliwa nayo.
Hata siku ya kitambulisho, kijana wa mashine
alinifuta vidole kwa spiriti mara nne
akauliza, mama, una vidole kweli?

Basi natumia namba ya siri,
mwaka aliozaliwa Fadina,
na duka linafunguka kiganjani.

Newala, saa nne usiku. Ukungu umekalia mabati,
mtandao unapanda, nami nimelala chali
napitisha macho kwenye chupa zenye shingo nyembamba,
sabuni zilizokatwa kama keki ya harusi,
udi wa kutoka sijui wapi, mafuta ya waridi,
chumvi ya kuogea. Chumvi!
Kwa bei ile ningenunua gunia pale Luchingu
na chenji ya mkaa ikabaki.

Kabla sijanunua, duka linauliza:
Ngozi yako ni ya aina gani?
Kavu. Ya mafuta. Ya kawaida. Mchanganyiko.
Nasoma tena. Nasubiri ya tano itokee.
Ya mafuta, ni kweli, ila mafuta yenyewe si yangu,
ni ya ganda, yale yanayochoma kama neno la wifi,
yanayoacha weusi mpaka ndani ya kucha,
ukalala nao, ukaupeleka harusini.
Majivu tunajipaka. Glovu za tajiri
zilitoboka mwezi wa kumi, msimu haujachanganya.
Nikabonyeza: ya kawaida.
Kwenye benchi letu hii ndiyo ya kawaida.

Nilichagua mpira wa kuogea,
zambarau, mkubwa kama chungwa.
Maelezo yake: dondosha kwenye bafu lililojaa,
jilaze, sahau.
Elfu kumi na nne, bado nauli ya basi kutoka Dar.
Nilicheka peke yangu hadi Fadina akageuka usingizini.
Bafu lililojaa! Newala!
Hapa ndoo ina bei yake na foleni yake,
bibi yangu alikinga mvua ya paa mpaka akazeeka,
na mwanamke akioga mara mbili kwa siku
majirani huuliza ana mgeni gani.
Nikalipa.

Siku ya tano Mchopa wa bodaboda alileta boksi
limebonyea kona. Alilinusa kabla hajanikabidhi.
Somoe, hizi ni biskuti?
Nikamwambia ni dawa. Haukuwa uongo sana.

Fadina alisugua beseni la bluu, lile la kufulia.
Tukapima maji kwa jagi, lita sita,
tukadondosha.
Likafoka lile dude, likazunguka
kama kuku aliyechinjwa vibaya,
maji yakageuka rangi ya kanga mpya inayochuja,
na chumba kikajaa harufu nisiyoijua jina.
Kwenye karatasi waliandika lavenda.
Fadina akasema inanukia kama mwalimu mgeni.

Nikaingiza mikono miwili, mpaka vifundoni, basi.
Sikujilaza. Kusahau, nilisahau kidogo,
dakika saba hivi.
Yaliuma penye nyufa, halafu yakaacha.

Maji hatukuyamwaga. Tulifulia sare ya shule,
yaliyobaki yakapiga deki.
Nikajifuta, nikachukua simu,
nikaweka kidole gumba, kujaribu tu.
Ikatikisika. Ikakataa.

Asubuhi, kwenye benchi, kabla kengele haijagonga,
Bi Nambunga alinivuta mkono
akanusa kiganja. Hakusema kitu.
Akanusa tena, macho kayafumba,
akaurudisha mapajani kwangu taratibu,
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani,
kisha akatia yake kwenye majivu.