Moja Saba

Helmi Raudsepp, karani wa kiwanda cha sufu, Narva,
alijumlisha mita za mwaka mzima,
na chini ya mstari zikasimama moja saba,
wima, kama nguzo za uzio thelujini:
1111111.

Akalibeba daftari nyumbani.
Jiko la kuni, chai kavu, penseli fupi.
Akagawa kwa tatu: ikabaki moja.
Kwa saba: moja.
Kumi na moja, kumi na tatu: moja, moja.
Hata thelathini na saba iliondoka
ikamwachia moja mlangoni.

“Tasa,” akanong’ona,
neno ambalo wakwe walimpachika yeye
kabla ya vita.

Usingizi ukamkataa.
Akaendelea, karatasi ikajaa, barafu ya mto ikialika gizani,
mpaka mia mbili thelathini na tisa,
namba isiyo na sifa wala sura,
ikaingia
mara elfu nne mia sita arobaini na tisa.
Baki: sifuri.
Akakagua. Akakagua tena, mikono imemfa ganzi.

Asubuhi mkaguzi aliona maandishi ya pembeni.
“Kuna kosa?”
“Hakuna. Kuna ufa,” alisema Helmi,
“na huu siuzibi.”