Kuchambua

Wao wanaita kukwangua.
Kwetu Limbani kinachokwanguliwa ni ukoko,
chungu kikishapoa, kwa kijiko cha bati,
na anayekwangua ni yule aliyechelewa kula.
Basi mie nikaanza hivyo, mchelewaji,
umri thelathini na nne, kompyuta ya mtumba
yenye herufi moja iliyong'oka,
na bando la siku moja.

Maktaba, wanasema. Pakua maktaba.
Sikuona rafu, wala vumbi, wala Mwalimu Faki
akituamuru tunawe mikono kwanza.
Amri ya mstari mmoja, kisha kijistari cha kijani
kikitambaa kama jongoo baada ya mvua,
hamsini, sitini, sitini na moja,
umeme ukakatika Wete nzima.

Nilichokitaka ni kidogo.
Kuna ukurasa wa maji: kujaa, kupwa,
saa na dakika, mwaka mzima.
Kila mwezi naunakili kwa kalamu
kwenye daftari la Bi Zuwena na wenzake wa Kiuyu,
wanaofunga mwani kwenye kamba bahari ikitoka.
Bamvua wanaijua kwa kutazama mwezi;
mie naulizwa dakika, kwa sababu ya gari ya kukodi
inayohesabu hata kungoja.
Mfunguo Tatu nilikosea. Tisa nikaiandika sita.
Gari ikangoja saa tatu, na pesa zikenda.
Hawakunilaumu. Bi Zuwena alisema tu,
"Maji hayajui kusoma daftari lako."

Umeme uliporudi nikafungua tumbo la ukurasa.
Alama juu ya alama, kufunga na kufungua,
na saa yenyewe imejificha ndani kabisa.
Nikakumbuka ukumbini, msimu wa karafuu,
mkeka umejaa, macho yana usingizi,
kiganja cha kushoto kinapokea kichala,
cha kulia kinasukuma:
karafuu huku, makonyo kule.
Kumbe ndiyo hii!
Mikono ilikuwa inajua, kichwa ndicho kilichokuwa kigeni.

Jaribio la kwanza: kosa, mstari wa tatu.
Nafasi moja niliyoisahau.
La pili: kosa, mstari wa tatu.
La nane likanipa mabano mawili, ndani hamna kitu,
kama viganja vilivyoinuliwa
na mwenye dua kasahau alichokuja kuomba.

Mdogo wangu Hidaya, aliyesomea haya Unguja, akapiga simu.
"Umebisha hodi mara ngapi?"
Nikatazama kitanzi nilichokiandika.
Mara mia mbili kwa dakika.
"Dada! Mlangoni pana faili dogo, lisome,
linasema vyumba gani mgeni asiingie.
Na baina ya hodi na hodi, pumzika."
Hodi tatu, usipojibiwa, rudi ulikotoka:
hayo nilifunzwa kabla ya alifu na bee.
Aibu ikanishika mbele ya mashine
isiyokuwa na uso.
Nikaandika: ngoja sekunde tano.

Usiku mkubwa, ikateremka moja.
14:40.
Peke yake, safi, haina konyo.
Nikaigusa kwenye kioo kwa kidole.
Lakini wao huianza siku katikati ya usiku,
sisi twaianza kunapokucha,
nikaongeza mstari mmoja wa kwetu: toa sita.
Saa nane na dakika arobaini.
Nikasimama. Nikakaa. Nikanywa maji.

Kisha ikateremka 02:15,
ikatoa sita kama nilivyoiamuru,
ikaniandikia bila kucheka:
saa hasi nne na robo.

Nimecheka peke yangu
mpaka mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.
Bi Zuwena, daftari usilitupe bado.
Saa hiyo sijui ni ya maji yapi.