Visiwa vya Tima

Saa nane za usiku, Majengo imelala,
imebaki pangaboi na kucha za mwanangu.
Krr, krr, krr. Nikadhani ni panya.
Nikawasha taa:
mgongo wote umeumuka mabaka,
mekundu pembeni, katikati meupe,
mengine madogo kama tembe ya choroko,
moja pana kama kiganja changu.

Mama yake yuko zamu, Kilindini,
anahesabu makontena hadi alfajiri.
Nikampigia bibi yake, Bi Mwanamkuu:
"Harara hiyo. Mpake uwanga."
Mishi, jirani, akasema ukutani, bila kuulizwa:
"Jicho! Si jana mlimvisha gauni jipya
mkamtembeza mtaa mzima?"

Mie ni fundi wa friji.
Kitu kikiharibika natafuta panapovuja.
Nikachukua daftari la wateja
nikaandika: kamba wa nazi, Jumapili.
Mabuyu, yale mekundu ya kupaka midomo rangi.
Sabuni mpya. Achari. Paka wa Mishi.
Nikachukua na kalamu ya wino
nikazungushia kila baka mstari
nione kama linakua.

"Baba, wachora nini?"
"Mipaka."
Akajitazama pajani, akacheka huku analia.
"Hiki ni kisiwa chetu. Hiki hapa Likoni.
Feri iko wapi?"
Nikamchorea feri. Nikaipakia watu.

Kulipokucha visiwa vilikuwa vimezama.
Ngozi safi, kama sahani iliyooshwa,
na mistari yangu imezunguka patupu.
Chini ya goti, pasipokuwa na kitu jana,
vitatu vipya vimeibuka.

Zahanati, nikaona haya kumwonyesha Daktari Nyevu
mtoto mzima aliyejaa wino.
Hakushangaa. "Ndivyo yalivyo haya.
Huja kama mgeni wa usiku,
huondoka hata chai hajanywa,
kisha hubisha mlango wa pili."
Akalisoma daftari langu, akaliweka kando taratibu.
"Alikuwa na mafua?"
Wiki iliyopita, homa ya siku mbili.
"Basi huenda ni hiyo. Mwili bado umeshika rungu
na mwizi keshakwenda zake.
Mara nyingi hatujui, baba Tima. Hatujui kabisa.
Usimnyime kamba na mayai na maziwa kwa pamoja,
utamkondesha bure kwa kesi isiyo na shahidi."

Akanipa dawa ya maji, kipimo kwa uzani wake.
Kitambaa cha maji baridi. Kucha fupi.
Nguo ya pamba, isiyombana.
Kisha akanishika mkono, sauti ikabadilika:
"Ila midomo ikivimba, au ulimi,
pumzi ikipiga filimbi,
akitapika na kulegea,
usinipigie simu kuniuliza.
Mbebe. Kimbia."

Nililala mlangoni kwake siku tisa
nikisikiliza pumzi
kama ninavyosikiliza kompresa ya mteja:
inaunguruma sawa? imekatika?
Kitambaa nilikitoa kwenye friji yetu mwenyewe
niliyoiahidi kuitengeneza tangu Rajabu.

Shuleni, mwenzake wa dawati alihama.
Tima akarudi kimya, mikono mifukoni.
Nikaenda, na mafuta ya mashine bado kuchani,
nikamwambia mwalimu mbele ya darasa:
haya hayaambukizi,
nikaviringisha mkono wa shati, tazameni,
nimelala naye kitanda kimoja, niko hivi.
Kitoto kimoja cha nyuma kikauliza
kama kwake nako naweza kuchora feri.

Siku ya kumi sikuandika kitu.
Ya kumi na moja niliandika: hakuna.
Panapovuja sikupaona,
na friji ya namna hiyo, kazini,
ningemrudishia mwenyewe kwa aibu.

Leo nimeamka na kuwashwa mkononi.
Nikaruka kuitafuta taa.
Ni wino.
Kisiwa kimoja, kimepinda, chini ya kiwiko changu,
na feri ndogo, imejaa watu,
iko njiani.