Sheria ya Tano

Birkat al-Mauz, darasa la tano B, kiyoyozi kinakoroma.
Ubao wa mchezo ni boksi la friji, nimelikata kwa kisu cha jikoni.
Mfereji nimeuchora kwa kalamu ya buluu;
wino uliisha karibu na msikiti,
nikamalizia kwa kijani.
Kete ni vizibo vya chupa za laban.
Dadu ni ya mwanangu, na ananidai.

Sheria zilikuwa nne. Nilizijaribu usiku peke yangu,
mkono wa kulia ukiunyima maji wa kushoto,
nikadhani zimetosha.

Aflah alikaa juu, penye mdomo wa falaji.
Aflah, aliyepata tatu kwa ishirini mtihani wa sehemu,
karatasi akaikunja ndege.
Akatupa dadu, akaziba njia ya maji.
Mitende yake ikanywa nusu, ikanywa robo,
ikanywa na thumni ya Rayya
(hesabu zote kichwani, hakukosea hata moja)
na huko chini Mundhir akafunua kadi zake:
ndimu zimekauka. Tende zimekauka. Ng'ombe kauzwa.
Mzunguko wa saba, kabaki Aflah.

"Nimeshinda," akasema. Akautazama ubao.
"Abla, sasa nicheze na nani?"

Mimi mwenye mchezo nikakosa jibu.
Ni Rayya, vidole vyekundu kwa unga wa chipsi,
aliyesema: wa juu agawe, wa chini achague kwanza.
Nikaiandika pembeni, kwa penseli,
maana sikuwa na hakika nayo.

Wakaanza upya. Aflah akagawa
kama anayekata keki mbele ya ndugu zake,
jicho kwenye rula, ulimi nje.
"Thumni mbili ni robo," akamfokea Mundhir,
"hizi hapa, zihesabu mwenyewe!"
Kengele sikuisikia. Mwalimu wa Kiingereza alinigongea mlango.

Hapa zamu ya maji, nusu saa ya mfereji, huitwa athari.
Kwa bibi yangu, aliyerudi kutoka Wete na Kiswahili chake kizima,
athari ni kile kinachobaki kitu kikishapita.

Nimekunja boksi. Nimehesabu vizibo, kimoja hakipo.
Dirishani namwona Aflah kwenye falaji ya kweli, kachuchumaa;
kizibo kinaelea kuteremka kwa wenzake,
naye anahesabu kwa sauti,
anakiacha kiende.