Daftari la Jikoni

Nyumba yetu ya Dundee ina mita inayolishwa kwa ufunguo.
Unaupeleka dukani kwa Bwana Rafiq, pale kwenye kona,
anautia pauni kumi, unaurudisha, unauchomeka,
na nyumba nzima inashusha pumzi.

Tuko wanne. Mishi wa Kwale, anasomea meno.
Tumsifu wa Machame, udongo na madaraja.
Eilidh, kwao kisiwa cha kaskazini, basi halafu feri,
naye huona baridi kama sisi, ila hasemi.
Na mimi, niliyekabidhiwa daftari
kwa kosa la kutaja siku ya kwanza kwamba nasomea uhasibu.

Kopo la biskuti liko juu ya friji.
Kila Jumapili kila mtu anatia kumi na tano.
Mishi huleta sarafu tupu, za bakshishi, akazihesabu kwa sauti
kana kwamba anakabidhi mahari.

Mji huu tumejifunza kwa bei zake.
Saa mbili kasorobo usiku, yule kijana wa duka kubwa
hutoka na mashine yake ya vibandiko vya njano,
nasi tuko nyuma yake, hatua tatu, kwa adabu,
kama wasindikizaji wa bwana harusi.
Mkate, senti kumi na mbili.
Kuku atakayekufa kesho kwa mara ya pili, pauni moja.
Uyoga ambao hakuna aliyeutaka, hata sisi, lakini bei!

Sufuria moja. Chumba kimoja.
Hita huwashwa saa moja, huzimwa saa tatu,
kisha kila mtu na blanketi lake, soksi mbili mbili,
vitabu magotini.
Haba na haba, nilisema usiku mmoja, kuwatia moyo.
"Kibaba nakijua," akajibu Tumsifu. "Mita haina kitako."

Hiyo ilikuwa Januari, wiki ya pili.
Wiki ya tatu nilihesabu kopo mara tatu.
Pungufu arobaini.

Sikusema. Mhasibu husema; mimi nilinyamaza,
na kimya changu kikapita nyumbani kama upepo wa chini ya mlango.
Mishi akaanza kuosha sahani yake peke yake.
Eilidh akaandika jina lake kwenye maziwa.
Mimi nikawa namtazama kila mtu mikononi.
Siku nne hita haikuwaka, wala hakuna aliyeuliza kwa nini.

Alhamisi nikashika daftari nifunge mwezi.
Ndani ya jalada la nyuma, kwa penseli,
herufi ndogo za mtu anayechora madaraja:
*Nimechukua 40. Kumi ni zangu. 30 nitarudisha. Bibi kazikwa jana.*

Jana ipi? Nikahesabu kurudi nyuma, siku baada ya siku.
Ijumaa. Ijumaa ilikuwa zamu yake jikoni.
Alitupikia ule uyoga,
akatuuliza kama chumvi imekolea.

Nililiacha daftari wazi mezani, nikaenda maktaba,
kwa kuwa maktaba ina joto la bure
na kwa kuwa sikujua uso wangu niupeleke wapi.

Niliporudi, chini ya penseli palikuwa na wino wa kijani wa Mishi:
*Rambirambi, 10.*
Na chini yake Eilidh, aliyeuliza tahajia na bado akakosea:
*Rambi rambi. 10.*

Nikaandika yangu.
Deni la Tumsifu: hakuna.
Kwenye safu ya maelezo, ninapoandika sabuni, mchele, ufunguo,
nikaandika: matumizi ya nyumba.

Kopo bado lina pengo lake. Hesabu haibembelezwi.
Usiku ule hita ilikuwa baridi kama jiwe,
tulikaa wanne, magoti yakigusana, Tumsifu katikati,
na alipoanza kutusimulia bibi
aliyeficha noti zake ndani ya debe la unga,
moshi ulitangulia kutoka mdomoni,
kisha jina.